Nguva na Gati la Mashua

Juma hili twende mbali kidogo, mpaka Florida, upande wa kusini wa Marekani, tukatazame shauri moja ambalo watu wa huko wamelishindania kwa zaidi ya miaka 30. Shauri lenyewe ni hili: gati la mashua lijengwe wapi, na wapi lisijengwe, kwa ajili ya mnyama mmoja wa majini asiyejua hata kuuma. Labda mtu atasema, "Sisi wakulima wa mahindi na kahawa, hayo yatuhusu nini?" Ngojeni. Hakuna kijiji chenye kisima, au njia ya ng'ombe, au mwalo wa mitumbwi, ambacho hakijapata kugombana juu ya mahali pa kuweka kitu. Ugomvi wa Florida ni huo huo, ila wao wameuandikia ramani na hesabu.

Kwanza mnyama mwenyewe. Kwa Kiingereza ana jina ambalo masikioni mwetu lasikika kama manati, ile ya watoto ya kupigia ndege; lakini hausiani nayo hata kidogo. Huyu ni jamaa ya nguva wetu, yule anayeonekana mara chache sana huku pwani, penye midomo ya mto Rufiji, Mafia, Kilwa na visiwa vya Lamu. Basi mimi nitamwita nguva wa Florida. Wametofautiana kidogo. Nguva wetu mkia wake umegawanyika kama wa nyangumi, tena hakai ila baharini. Wa Florida mkia wake ni mviringo, mpana kama mwiko wa kusongea ugali, naye huingia mitoni akapanda mpaka kwenye chemchemi za maji matamu. Aliyekomaa hufika urefu wa mita 3 hivi na uzito wa kilo 500 hivi. Ngozi yake ni ya kijivu, mdomo una ndevu ngumu, na mikono ni mifupi kama makasia, yenye kucha kwenye ncha. Msishangae kusikia kucha. Wenye elimu ya wanyama wasema kwamba ndugu zake wa karibu walio hai, wa nchi kavu, ni tembo na pimbi.

Chakula chake ni majani tu, ya baharini na ya mitoni, na hula saa nyingi kila siku maana mwili ni mkubwa na majani hayana nguvu nyingi. Hana pembe, hana meno ya kupigania, wala hana haraka. Kwa kawaida huogelea kilometa 5 hadi 8 kwa saa, yaani kama mtu anayekwenda sokoni kwa miguu. Akishtuka sana aweza kufika kilometa 24, lakini kwa muda mfupi tu. Si samaki; hupumua hewa kama sisi, na kwa hiyo kila baada ya dakika chache hana budi kutoa pua juu ya maji. Tena jike huzaa mtoto mmoja, baada ya kuchukua mimba mwaka mzima na zaidi kidogo, kisha hukaa miaka 2 hata 5 kabla ya kuzaa mwingine. Neno hilo la mwisho lishikeni sana. Mfugaji yeyote alijua: kundi linaloongezeka polepole namna hiyo, ukiua wachache tu kila mwaka kupita kiasi, litapungua mbele ya macho yako hata kama malisho yapo.

Na si maneno ya kutishana. Nguva mkubwa kuliko wote alikuwako kaskazini kabisa, katika Bahari ya Bering. Wazungu wa kwanza kumwona walikuwa mabaharia wa chombo cha Urusi kilichovunjika huko mwaka 1741, na pamoja nao mtaalamu wa viumbe, Georg Steller, aliyeandika habari zake. Wawindaji wakasikia kwamba yuko mnyama mnene, mpole, mwenye nyama tamu. Kufika mwaka 1768 alikuwa amekwisha. Miaka 27 tu tangu kuandikwa jina lake.

Huko Florida nako aliwindwa zamani. Katika visiwa vya Karibi na Amerika ya Kusini nyama yake ilihesabiwa kuwa ya samaki kwa sababu yatoka majini, ikaliwa siku za kufunga. Nadhani wako waliofurahi sana kwa hesabu hiyo. Lakini Florida ilianza kumlinda kwa sheria mapema, mwaka 1893, na mwaka 1907 ikaweka faini ya dola 500, fedha nyingi kwa siku zile. Polepole mkuki ukawekwa chini. Kisha akaja adui mwingine asiyemchukia nguva hata kidogo, wala hajui kama amemwua: motaboti.

Siku hizi Florida ina mashua karibu milioni 1 zilizoandikishwa, nyingi zikiwa za kutembelea na kuvulia samaki kwa starehe. Nguva hupenda maji ya kina kifupi kwa sababu ndimo majani yanamoota, na mashua nazo hupita humo humo. Basi mnyama anainua pua kupumua, na mashua inakuja mbio. Watu wengi hudhani kwamba kinachomwua ni rafadha, yale mapanga ya injini yanayozunguka majini. Ni kweli hukata. Nguva wengi wana makovu yaliyopangana mgongoni kama matuta ya viazi, hata wataalamu wamefanya daftari ya picha na kuwatambua mmoja mmoja kwa makovu hayo, kama sisi tunavyomtambua ng'ombe kwa alama. Lakini mara nyingi kinachoua ni pigo la mkuku. Ubavu huvunjika na kutoboa pafu, na nje hakuna jeraha kubwa la kuonekana. Mwaka 2019 peke yake waliokufa kwa kugongwa na vyombo walikuwa zaidi ya 130.

Dawa ya kwanza waliyoifikiria ni ile ambayo hata sisi tungeifikiria: kuweka vibao vya mwendo wa pole. Vibao vipo, navyo vyafaa pale penye askari na penye watu wenye kutii. Lakini kibao hakikamati usukani. Tena mashua zilizidi kuongezeka mwaka hata mwaka, na kila tajiri aliyenunua kipande cha pwani alitaka kujenga bandari ndogo ya kukodisha nafasi za kufungia mashua. Ndipo mwaka 1989 Gavana wa Florida na baraza lake wakaziambia wilaya 13, zile zenye nguva wengi na vifo vingi, kila moja iandike mpango wake wa kumlinda nguva. Miongoni mwao ni Citrus, Collier, Dade, Brevard, Lee, Volusia na Duval. Na ndani ya mpango huo kuwe na sehemu inayosema waziwazi: vyombo vya kuhudumia mashua, yaani magati, bandari ndogo, maghala ya mashua na miteremko ya kushushia mashua majini, vyaweza kujengwa wapi, na kwa wingi gani.

Wilaya isiyo na mpango uliokubaliwa ilibanwa kwa kipimo kikali: nafasi 1 ya motaboti kwa kila futi 100 za pwani. Futi 100 ni kama hatua 40 za mtu mzima. Mwenye pwani ya hatua 400, anayetaka kupata kipato kwa kukodisha nafasi, akaambiwa, "Wewe ni mashua kumi, basi." Mnaona hekima yake? Serikali haikumpiga mtu fimbo. Ilifanya uvivu uwe na gharama. Hata hivyo wilaya nyingine zilijikokota miaka na miaka. Mwaka 2000 vyama vya kuwatetea wanyama vilikwenda mahakamani kuishtaki serikali kwamba yatoa vibali ovyo, na mwaka 2001 pande hizo zikafanya mapatano. Mwaka 2002 bunge la Florida likaufanya mpango huo kuwa lazima ya sheria, na siku ya mwisho ikawa tarehe 1 Julai 2004.

Sasa tuje kwenye kiini, maana hapa ndipo pana fundisho hata kwa asiyewahi kuiona bahari.

Gati haliui mtu wala mnyama. Limesimama pale juu ya nguzo zake. Kinachoua ni safari inayoanzia kwenye gati. Tuseme pana mahali pawili, na kila mahali pataka kujengwa nafasi 100. Pa kwanza ni ndani ya hori tulivu, pazuri kwa macho, ardhi rahisi. Lakini kutoka hapo mpaka baharini ni maili nyingi za maji mafupi yenye majani. Pa pili ni karibu na lango la bahari, maji marefu, mkondo wa kupita umekwisha kuchimbwa. Mashua ni zile zile 100. Lakini za kwanza, kila Jumamosi, zitapita katikati ya malisho ya nguva kwenda, na jioni zitapita tena kurudi, zenye haraka kwa sababu jua linakuchwa. Za pili zitakuwa nje baharini kabla nguva hajajua. Ni kama kisima na ng'ombe. Watu hugombana kisima kichimbwe wapi, na mara nyingi husahau kwamba kinacholeta kesi barazani si kisima, ni njia ya ng'ombe kupita kwenye mashamba ya watu.

Kwa hiyo waandikaji wa mipango ile hawatazami kiwanja peke yake. Huuliza: nguva wangapi wameonekana hapa, wakati wa baridi na wakati wa joto? (Huwahesabu kwa ndege.) Mizoga mingapi imeokotwa karibu? Kina cha maji ni kipi wakati maji yamekupwa? Chini kuna majani au mchanga mtupu? Mashua zitokazo hapa huelekea wapi hasa? Na njia hiyo ina vibao vya mwendo wa pole au haina? Majibu yakishapatikana, pwani yote hugawanywa sehemu: panapofaa, panapofaa kwa masharti, na pasipofaa.

Wilaya ya Collier, yenye mpango tangu mwaka 1995, ni mfano mzuri wa kuhesabu. Mahali palipokubaliwa kabisa paweza kupata nafasi 18 kwa kila futi 100 za pwani. Pa katikati ni 10. Pa kulindwa ni 1 tu. Na katika mambo wanayopima, mojawapo ni kina cha futi 4 wakati wa maji kupwa, yaani kama kifuani mwa mtu. Kwa nini kina? Kwa sababu mbili. Maji yakiwa mafupi mno, nguva hana mahali pa kuzama chini ya mashua. Amebanwa kati ya mkuku na mchanga. Tena rafadha huilima ile nyasi ya bahari kama jembe, na mfereji wake hukaa miaka mingi kabla ya kufunikwa na majani.

Kuna mambo madogo madogo ambayo mimi nayapenda kwa sababu yaonyesha watu waliofikiri. Mteremko wa kushushia mashua, kwa macho, ni kipande cha saruji tu. Lakini baadhi ya wilaya hazihesabu saruji, huhesabu nafasi za kuegesha magari na matela pembeni yake, maana nafasi 40 za magari ni mashua 40 majini siku ya sikukuu. Kadhalika wakati wa kujenga, nguva akija ndani ya futi 50 za kazi, mitambo yote ya majini husimama mpaka aende zake mwenyewe. Hakuna ruhusa kumfukuza. Na mbao za gati lililo juu ya majani huachiwa nafasi kati yake ili jua lipite.

Lakini mpango una tundu, na sioni sababu ya kulifunika. Kwa kawaida masharti haya makali huwashika wenye kutaka nafasi 5 na zaidi. Mwenye nyumba yake ya pwani, akajenga gati lake dogo la mashua moja au mbili, mara nyingi hupita nje ya wavu. Gati moja si kitu. Lakini nyumba za pwani Florida ni maelfu kwa maelfu, na kila moja ina mashua yake. Upande wa pili yuko fundi au mwalimu asiye na nyumba ya pwani, mwenye mashua ndogo aivutayo kwa gari. Yeye hutegemea mteremko wa watu wote. Mteremko huo ni "chombo cha kuhudumia mashua" na huangaliwa kwa kioo cha kukuza. Hivyo yaweza kutokea maskini akaambiwa "hapa hapafai" huku jirani tajiri akitoka nyuma ya nyumba yake na kupita juu ya malisho yale yale. Hiyo si haki, na nguva naye haimfaidii neno. Wako watu Florida walioupinga mpango kwa tamaa ya fedha tu. Lakini wako pia waliolalamika kwa sababu hii, na hao walistahili kusikilizwa kuliko walivyosikilizwa.

Tukiacha ugomvi, yako mahali ambako mpango umeonekana kwa macho. Nguva wa Florida ana mafuta machache kuliko unene wake unavyodanganya. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 za Selsiasi kwa siku nyingi huugua na kufa. Ndiyo sababu wakati wa baridi hukimbilia chemchemi za joto, na wengine hukimbilia maji ya moto yatokayo kwenye mitambo ya umeme. Chemchemi ya Blue Spring, katika wilaya ya Volusia, ina maji ya nyuzi 22 hivi mwaka mzima. Serikali ya Florida iliinunua mwaka 1972, na wakati wa baridi mashua haziruhusiwi kuingia. Mwanzo wa miaka ile ya 1970 nguva waliohesabiwa humo wakati wa baridi hawakufika 20. Mwezi wa Januari 2024 walihesabiwa kwa siku moja zaidi ya 900. Watu husimama kwenye daraja la mbao kuwatazama wamelala kama magogo.

Nchi nzima ya Florida yakadiriwa kuwa na nguva kati ya 8,350 na 11,730, kwa hesabu ya mwaka 2021 na 2022. Mwaka 2017 Serikali ya Marekani ilimtoa katika daraja la wanyama walio hatarini kabisa, ikamweka daraja la chini yake.

Mtu angedhani kazi imekwisha. Kumbe mwaka 2021 walikufa karibu 1,100, wengi kuliko mwaka wowote uliopata kuandikwa. Safari hii hawakuuawa na mashua zaidi. Waliuawa na njaa. Katika wangwa mrefu wa pwani ya mashariki, uitwao Indian River Lagoon, maji yalikuwa yamechafuliwa kwa miaka mingi na mbolea za mashamba na bustani na uchafu wa vyoo. Maji yakawa mazito kwa vimelea vya kijani, jua halikupenya, majani yakafa, na wanyama wakabaki ngozi na mifupa. Ilibidi watu wawalishe. Kipupwe kile walimwaga majini zaidi ya tani 90 za saladi, karibu na mtambo wa umeme wa Cape Canaveral. Saladi! Ramani ya magati ilikuwa imekamilika na kupigwa mihuri, lakini ramani haioti majani.

Na nguva wetu? Hesabu yake ni ndogo kiasi kwamba ya Florida yaonekana kama utajiri. Pwani nzima ya Afrika ya Mashariki kundi linalotegemewa ni lile la Bazaruto, Msumbiji; Tanzania na Kenya wamebaki wachache. Adui yake mkubwa huku ni nyavu za jarife, anamonaswa akashindwa kuinua pua. Lakini magati na bandari zinaongezeka, na injini za mashua zinaongezeka pia. Mahali pa majani, kati ya Rufiji, Mafia na Kilwa, pajulikana. Wavuvi wazee waweza kuponyesha kwa kidole bila ndege wala ramani. Itakapopimwa pwani kwa ajili ya diko jipya au gati la watalii, yule mzee aulizwe swali moja kabla mhandisi hajafungua kalamu yake: mashua zikitoka hapa, zitapita wapi?

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutarudi nyumbani, tuzungumze juu ya fukusi wa mahindi na namna ya kukausha ghala.